Bima Mpya Kazini, Mtoto Mwenye Selimundu na Fomu ya Kutiwa Sahihi kabla ya Ijumaa

Swali: Mshauri, nakuandikia kutoka Nakuru. Mimi ni karani wa bohari katika kampuni ya kusaga nafaka, na nina miaka 9 kazini. Tangu kampuni iuzwe, mambo yamebadilika haraka: mishahara sasa inatayarishwa Nairobi, tunaingia kazini kwa alama za vidole, na zahanati ndogo iliyokuwa langoni imefungwa. Zamani mtoto akiugua nililipa hospitalini, nikapeleka risiti ofisini, nikarudishiwa pesa. Sasa tumeletewa bima ya kadi, nami nikitaka mke na watoto waingie nitakatwa shilingi 2,500 kila mwezi, juu ya SHA, bima ya afya ya taifa, ambayo nakatwa tayari. Mshahara wangu kabla ya makato ni 48,000. Mwanangu wa miaka 11 ana selimundu, wa kwanza ana miaka 19 na anasoma Chuo Kikuu cha Egerton, na mama yangu yuko Vihiga na ana kisukari. Wenzangu wananishauri nisiandike ugonjwa wa mtoto kwenye fomu. Fomu ina kurasa 4, na ukurasa wa mwisho unasema kwamba ninakubali masharti mapya badala ya yote ya awali. Tunatakiwa kuirudisha kabla ya Ijumaa. Nitie sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, kurasa 3 za kwanza zijaze zote, utie sahihi na uzirudishe kabla ya Ijumaa bila kukosa. Ukurasa wa 4 usiutie sahihi bado. Na ugonjwa wa mtoto uuandike, kwa jina lake, bila kuuficha wala kuupunguza. Hayo ndiyo majibu yangu kwa ufupi. Yanayofuata ni sababu zake, kwa kuwa najua wenzako wana sababu zao pia, nawe itakubidi uwaeleze kwa nini hukufuata ushauri wao.

Nianze na ukurasa wa 4, kwa sababu ndio usiohusu afya hata kidogo ingawa umebanwa pamoja na karatasi za bima. Fomu ya bima inaihusu kampuni ya bima, nayo inataka kujua wewe ni nani, wategemezi wako ni nani na wana maradhi gani. Tamko la kukubali masharti mapya badala ya yote ya awali linahusu mkataba wako wa kazi, na mkataba huo una sheria yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya msingi ya mkataba ashauriane na mfanyakazi kwanza, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Kuwapa watu karatasi Jumatatu na kuitaka Ijumaa si kushauriana. Simshutumu mwajiri wako kwa nia mbaya, kwa maana nimekaa upande ule wa meza miaka mingi hapa Kisumu, nami najua kwamba mara nyingi karatasi za namna hii hutungwa na mtu mwenye haraka ambaye aliona heri akusanye sahihi zote kwa mara moja. Lakini sahihi ni sahihi, iwe imeombwa kwa haraka au kwa hila.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni ile miaka yako 9. Unasema kampuni imeuzwa, lakini hukuniambia imeuzwa vipi, na huenda nawe hujaambiwa. Ikiwa wanunuzi wamenunua hisa, basi mwajiri wako ni yule yule kisheria, ni wenye mali tu waliobadilika, na miaka yako inaendelea kuhesabiwa kama kawaida. Ikiwa wamenunua kinu, magari na bohari bila kununua kampuni yenyewe, basi wewe una mwajiri mpya, na nchini Kenya hakuna sheria inayomhamisha mfanyakazi na miaka yake moja kwa moja kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Hapo ama mwajiri wa kwanza anakulipa haki zako kwa kuondolewa kazini kwa kupunguzwa, ambazo chini ya kifungu cha 40 ni pamoja na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, yaani siku 135 kwako, ama mwajiri mpya anaandika waziwazi kwamba ameitambua miaka hiyo. Maneno "badala ya yote ya awali" yanaweza kuwa ndiyo yanayoifuta. Ndiyo maana nasema uulize kwanza. Ikiwa mnacho chama cha wafanyakazi na mkataba wa pamoja uliotaja matibabu, mwonyeshe mwakilishi wenu ukurasa huo leo hii, kwa kuwa yaliyomo katika mkataba wa pamoja hayabadilishwi kwa sahihi ya mtu mmoja mmoja.

Sasa tuje kwenye bima. Naona katika swali lako umeyaweka pamoja makato mawili kana kwamba ni kitu kimoja kinacholipiwa mara mbili, na wengi huyaona hivyo. SHA si hiari yako wala ya mwajiri wako. Iliundwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ikachukua nafasi ya NHIF, hazina ya bima ya afya iliyoitangulia, tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi na bila kikomo cha juu. Kwa 48,000 hiyo ni 1,320. Wakati wa NHIF, mtu wa mshahara wako alikuwa akikatwa 1,100, kwa hiyo nyongeza kwako ni 220. Mwenye mshahara wa 200,000 ndiye aliyeuhisi uchungu, maana alitoka 1,700 akaenda 5,500. Hadi hapo hakuna cha kujadili na mtu.

Bima ya kadi ni jambo jingine kabisa. Sheria haimlazimishi mwajiri kuwaletea, ingawa kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira kinamtaka ahakikishe mfanyakazi anapata dawa anapougua, na ikiwezekana matibabu katika ugonjwa mkubwa, isipokuwa pale ambapo tayari kuna bima ya kisheria inayomhudumia. Kwa hiyo hii ni stahili ya kimkataba, na zile 2,500 za wategemezi haziwezi kukatwa bila wewe kuomba kwa maandishi. Una uhuru wa kukataa. Mimi nisingekataa, lakini nitalieleza hilo baada ya kuizungumzia fomu, kwa kuwa bima unayoilipia huku umeijaza vibaya ni heri usiwe nayo.

Wenzako wanaokwambia ufiche selimundu wanadhani kampuni ya bima ikijua itamkataa mtoto au itapandisha ada. Katika bima ya mtu binafsi woga huo una msingi. Katika bima ya kikundi, inayonunuliwa na mwajiri kwa wafanyakazi wake wote, mambo huwa tofauti kidogo: ada hupangwa kwa kundi zima, na magonjwa yaliyokuwepo kabla ya bima mara nyingi hukubaliwa, ama tangu siku ya kwanza ama baada ya kipindi cha kusubiri, tena kwa kiwango chake maalumu. Mwenye kuandika ukweli basi hupata kitu, hata kama ni kidogo kuliko alivyotaka. Mwenye kuficha anaweza kukosa chote, kwa sababu mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwombaji, na kampuni ikigundua kwamba ulijua ukanyamaza, ina haki ya kukataa kulipa.

Nayo itagundua. Selimundu haifichiki ndugu yangu. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto hurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, una faili ya kliniki ya miaka mingi, una dawa za kila siku, na mtoto anapofikishwa hospitalini analia kwa maumivu ya mifupa, jambo la kwanza daktari ataandika kwenye fomu ya idhini ni jina la ugonjwa na tangu lini. Fomu hiyo ndiyo inayotumwa kwa bima. Nilipokuwa afisa wa wafanyakazi, kulikuwa na dereva mmoja aliyeficha kisukari chake kwa ushauri kama huo unaopewa wewe. Alilipiwa mafua na malaria kwa miezi 7 bila shida yoyote, naye akajiona mjanja. Kidonda cha mguu kilipomlaza wiki 3, bima ilisoma faili, ikaandika barua ya mistari minne, na hesabu yote ikamrudia yeye. Tulimchangia, lakini michango ya kazini ina mwisho wake. Mimi mwenyewe niliipokea fomu yake bila kuisoma, na hilo ninalijutia hadi leo.

Ukishaandika ukweli, kazi yako ni kuuliza maswali, na swali la kwanza ni moja ambalo sijaona mfanyakazi akiliuliza: je, selimundu imewekwa katika fungu gani? Bima nyingi zina fungu la magonjwa sugu, kama kisukari na shinikizo la damu, na fungu jingine la hali za kuzaliwa nazo. Kila fungu lina kikomo chake, yaani kiasi cha juu ambacho bima italipa, ndani ya kile kikomo kikubwa kilichoandikwa kwenye kadi, na fungu la hali za kuzaliwa nazo aghalabu huwa dogo, au huhesabiwa kwa mtoto mchanga tu. Selimundu, kwa kuwa ni ya kurithi na tena ni ya kudumu, inaweza kuwekwa kokote kati ya mafungu hayo kwa kutegemea aliyeandika mkataba. Tofauti yake inaweza kuwa kubwa kuliko ada yako ya mwaka mzima. Usikubali kujibiwa kwa mdomo kwamba "itashughulikiwa". Omba wakuandikie, hata kwa baruapepe, jina la fungu, kikomo chake kwa shilingi, na kipindi cha kusubiri kama kipo. Waulize pia kama kipindi hicho kimeondolewa kwa wafanyakazi waliokuwa na utaratibu wa matibabu chini ya mwajiri wa awali, maana mwajiri mwenye kundi kubwa huweza kuliomba hilo na kupewa, bali hupewa anayeomba.

Swali la pili ni la vikomo vya wagonjwa wa nje, yaani wasiolazwa, na vya wanaolazwa. Mtoto mwenye selimundu hutumia pesa kwa njia mbili: kidogo kidogo kila mwezi kwa kliniki, vipimo vya damu na dawa, na kwa ghafla anapolazwa au kuongezewa damu. Kikomo cha kulazwa kinaweza kuonekana kikubwa na kupendeza machoni huku kile cha wagonjwa wa nje kikiwa kidogo hivi kwamba kitaisha kabla ya Juni, hasa kama ni kimoja kwa familia nzima na si cha kila mtu. Uliza hilo. Uliza pia mgonjwa anachangia kiasi gani mfukoni kila anapohudhuria, na uiombe orodha ya hospitali zinazokubali kadi hiyo. Uangalie kama kliniki anayohudhuria mtoto sasa imo. Ikiwa haimo, usikimbilie kumhamisha, kwa sababu kwa ugonjwa huu daktari anayemjua mtoto ana thamani kuliko kadi, na huenda ikakufaa kuendelea kumlipia kliniki mwenyewe na kuiachia bima gharama za kulazwa.

Hapa ndipo SHA na kadi zinapokutana, na ndipo watu wengi hunaswa. Mgonjwa akilazwa, SHA hulipa kiasi chake kwanza, ambacho kwa viwango vya kulazwa vilivyowekwa ni shilingi 3,360 kwa siku katika hospitali ya ngazi ya 4 na 3,920 katika ya ngazi ya 5, kisha bima binafsi hulipa salio. Kampuni nyingi za bima zimeandika katika masharti yao kwamba sehemu ya SHA hazitailipa hata kama SHA yako haifanyi kazi siku hiyo. Kwa hesabu rahisi, mtoto akilazwa siku 6 katika ngazi ya 4 huku SHA yako ikiwa na kasoro, shilingi 20,160 zitakutafuta wewe mwenyewe ukiwa na kadi mpya mfukoni. Kwa hiyo hakikisha kwamba mke na watoto wote wameandikishwa chini ya jina lako SHA. Utaona kwa kubonyeza *147# au kupitia ukurasa wa Afya Yangu kwenye intaneti, na ukikwama, Huduma Centre ya Nakuru, ile ofisi ya huduma za serikali, watakusaidia ukienda na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Majina yalingane herufi kwa herufi. Nimewahi kuona mtoto akikaa mwezi mzima nje ya bima kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa na "Nekesa" na fomu ya baba ikawa na "Nekeza".

Na hamisho lenu la mishahara kwenda Nairobi linahusika moja kwa moja na jambo hili. Mchango wa SHA unatakiwa uwe umewasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kampuni inapobadilisha ofisi ya mishahara, miezi miwili au mitatu ya kwanza ndiyo yenye makosa: nambari ya kitambulisho imekosewa, jina limeachwa, au pesa zimekatwa lakini hazijafika. Chukua hati yako ya mwisho ya mshahara ya zamani, uiweke kando ya ya kwanza ya Nairobi, ulinganishe mstari kwa mstari. Kwa 48,000 unapaswa kuona SHA 1,320, NSSF, yaani akiba ya uzeeni, 2,880 ambayo ni asilimia 6, na ushuru wa nyumba 720 ambao ni asilimia 1.5. Baada ya tarehe 9 bonyeza tena *147# uone kama mchango umefika. Kama hati inasema umekatwa lakini SHA inasema hakuna, andika siku hiyo hiyo, kwa kuwa kukata pesa za mfanyakazi bila kuziwasilisha ni kosa kisheria na wala si suala la kubembelezana.

Tuje kwenye zile 2,500. Kwa mwaka ni 30,000, na kwa mtu wa mshahara wako si pesa za kuchezea. Kwanza, mchango wowote ambao mwajiri anautoa kwa bima yenu hautozwi kodi kama mapato yako, kwa hiyo usiogope kwamba thamani ya kadi itaongezwa kwenye mshahara na kukatwa. Pili, ada unayolipa wewe mwenyewe kwa bima ya afya ina nafuu ya kodi ya asilimia 15, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo kwako ni 375, mradi upate hati ya ada kutoka kwa kampuni ya bima na kuifikisha kwa wanaotayarisha mishahara. Gharama halisi inashuka hadi 2,125 kwa mwezi, yaani 25,500 kwa mwaka. Kumbuka tu kwamba nafuu ya asilimia 15 iliyokuwa ikitolewa kwa michango ya NHIF iliondolewa mwishoni mwa Desemba 2024, na badala yake mchango wa SHA sasa unatolewa kwenye mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Asikuchanganyie mtu mambo hayo mawili.

Sasa toa zile risiti ulizokuwa ukipeleka ofisini mwaka uliopita, uzijumlishe. Ni wewe pekee unayezijua. Lakini mtoto mwenye selimundu akilazwa mara mbili kwa mwaka katika hospitali ya binafsi, sina shaka jumla hiyo itapita 25,500, na ndiyo maana nasema nisingekataa. Ungekuwa na watoto wasiougua na mke mwenye bima kwa mwajiri wake, ningekwambia uipime zaidi, pengine uziweke hizo pesa katika chama cha ushirika. Angalia pia makato yako yote kwa pamoja, mkopo wa ushirika ukiwemo: kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinazuia makato kuzidi theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo kwako hayafai kupita 32,000, na ofisi mpya ya mishahara ambayo haijui mikopo yenu inaweza kupita hapo bila kujua.

Kuna pengo moja ambalo halikutajwa katika fomu wala katika swali lako, nalo ndilo ningelishughulikia kabla ya yote ungekuwa jirani yangu. Utaratibu wa risiti unakwisha tarehe gani, na kadi inaanza kufanya kazi tarehe gani? Kadi huchelewa. Bima inaweza kuwa imeanza tarehe 1 kwenye karatasi huku kadi zikifika wiki 3 baadaye, na hospitali bila kadi au nambari ya uanachama haitakusikiliza. Waombe barua ya muda yenye nambari ya uanachama ya kila mtegemezi. Uliza siku ya mwisho ya kupeleka risiti za zamani, uzipeleke zote na kubaki na nakala, kwa sababu mwajiri mpya hatajiona anadaiwa risiti za mwaka jana. Na kabla ya siku ya mabadiliko, mpeleke mtoto kliniki, achukue dawa za muda mrefu kadiri daktari atakavyokubali, na mwombe daktari barua fupi inayoeleza ugonjwa, dawa na kiasi chake, na mara ya mwisho alipolazwa. Barua hiyo utaiambatisha kwenye fomu ndani ya bahasha iliyofungwa na kuandikiwa kampuni ya bima. Msimamizi wako wa bohari hana haja ya kuisoma. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na vivyo hivyo alama za vidole mnazotumia langoni, kwa hiyo una haki ya kuambiwa zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Uliza kwa upole, lakini hilo lisikupotezee nguvu wiki hii.

Yule wa Egerton usimsahau kwa kudhani ni mkubwa. Bima nyingi za kikundi humtoa mtoto akifika miaka 18 isipokuwa mzazi alete barua ya chuo inayoonyesha kwamba anasoma kwa muda wote, na barua hiyo hutakiwa upya kila mwaka. Njoro, kilipo chuo chake, si mbali. Na aje nayo kabla ya Ijumaa. Wategemezi walioachwa nje mwanzoni kwa kawaida hawaingizwi katikati ya mwaka, isipokuwa kwa ndoa mpya au mtoto aliyezaliwa.

Mama yako mzazi hataingia, si katika kadi wala katika SHA yako, na tafadhali usijaribu kumwandika kama mtegemezi wa namna nyingine. SHA inamhesabu kuwa kaya yake mwenyewe. Aandikishwe kwa kitambulisho chake, hata kwa simu yako kupitia *147#. Kujiandikisha tu kunamfungulia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma, ambako kisukari kinaweza kufuatiliwa karibu na nyumbani. Ili alipiwe akilazwa, itabidi kaya yake ipimwe uwezo na kulipa mchango wa mwaka mzima mapema, ambao hauwezi kupungua 3,600. Ukiwa na ndugu 3 au 4, hilo ni jambo la kugawana mkikutana Desemba, au mapema zaidi.

Kuhusu zahanati iliyofungwa nitasema machache: mwajiri bado anatakiwa kuwa na vifaa vya huduma ya kwanza mahali pa kazi, na mfanyakazi akiumia kinuni hiyo si kazi ya SHA wala ya kadi, ni ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo inamtaka mwajiri awe na bima yake. Gunia likikuangukia, liripoti kama ajali ya kazi siku hiyo hiyo, usiingize kadi.

Turudi Ijumaa. Rudisha kurasa 3 zilizojazwa pamoja na bahasha ya daktari na barua ya Egerton, ubaki na nakala yenye muhuri au sahihi ya aliyepokea. Pamoja nazo weka barua fupi ya heshima kwa afisa wa wafanyakazi, unaweza kuiandika kwa mkono, inayosema hivi: "Nimerudisha fomu ya bima ya afya pamoja na ombi la kuwaingiza wategemezi wangu, nami nakubali makato ya shilingi 2,500 kwa mwezi kwa ajili hiyo. Ukurasa wa 4 nimeupokea na ninausoma. Kabla ya kuutia sahihi naomba kuelezwa kwa maandishi ni masharti gani ya awali yanayobadilika, kama miaka yangu 9 ya utumishi inaendelea kuhesabiwa, na kama kuingia kwangu katika bima kunategemea ukurasa huo." Tia tarehe. Wakikujibu kwamba bila ukurasa wa 4 mtoto haingii, usibishane nao dirishani; chukua jibu hilo pamoja na nakala zako uende nazo kwa afisa wa leba wa Nakuru, na ukitaka uniandikie tena uniambie wamesema nini.